Kila Kiti na Leseni Yake

Fundi wa kompyuta alibonyeza neno "Nakubali" bila hata kulitazama, kama mtu anayemfukuza nzi.

"Umekubali nini hapo?" akauliza mteja aliyekaa pembeni, akisubiri simu yake itiwe kioo.

"Nitajuaje? Masharti ya programu hayo. Kurasa arobaini na kitu. Ukiitaka programu, unakubali."

"Na hujawahi kuyasoma?"

"Kaka, mwaka wa kumi na mbili huu niko kwenye kazi hii. Sijamwona aliyeyasoma."

"Na hiyo programu imelipiwa?"

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Nani alipie? Mtaa mzima huu nimewawekea mimi, kwa diski moja hii hii. Wakili, mwalimu wa udereva, mpiga picha, wakala wa bima. Wote hao mafundi wa kukubali, wa kulipa hakuna."

Mteja hakucheka. Macho yake yakawa ya mtu aliyemwona kuku wa jirani akiingia jikoni kwake kwa miguu yake mwenyewe. Mtaa mzima una hatia, na hakuna mmoja anayejua hatia yenyewe imeandikwa vipi! Shamba la namna hiyo halihitaji jembe. Linahitaji kapu.

Waliomfahamu walimwita Bwana Kifungu, kwa kuwa hakuwahi kusema uongo bila kuutajia kifungu cha sheria. Alikuwa na koti moja zuri, sauti ya mtu aliyeshiba, na kompyuta hakuwahi kuigusa maishani. Hilo la mwisho halikumsumbua. Daktari naye hatibu maradhi kwa kuyaugua.

"Na kitabu hiki?" akauliza, akiokota kijitabu kinene kilichotupwa pamoja na kasha tupu.

"Masharti yale yale, yamechapwa na kutafsiriwa. Chukua, kafungie karanga."

Akaenda nacho, na njiani akasoma ukurasa wa kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kama nyama ya shingo, lakini mstari mmoja ulimeremeta: *Leseni hutolewa kwa kila kiti. Kila kiti sharti kiwe na leseni yake.*

Bwana Kifungu akakifunga kitabu hapo hapo. Hakuona haja ya kurasa zilizobaki. Kiti alikuwa anakijua, kina miguu minne na mgongo. Kumbe biashara ya kompyuta ni nyepesi kiasi hicho!

*

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa wakili, kitambulisho kikining'inia shingoni, utepe wa kupimia mkononi, na mfukoni vibandiko vya duara vilivyoandikwa KIMEKAGULIWA.

"Habari za kazi, mheshimiwa. Ukaguzi wa leseni za programu."

Wakili alikuwa mtu mnene, mwenye sauti inayotangulia tumbo. Mkono wake ukaruka ukaifunika kompyuta, kama mama anavyomfunika mtoto upepo ukivuma. "Leseni zipi?"

"Kifungu cha kwanza. Kila kiti na leseni yake. Tuhesabu."

"Tuhesabu nini?"

"Viti."

"Viti vya nini?"

"Vya kukalia, mheshimiwa. Au ofisi hii mnakalia sheria?"

Mtu mwenye moyo mweupe angemtoa nje na utepe wake. Lakini moyo wenye doa hauitishi taa. Wakili aliikumbuka ile diski ya fundi, akaona kuliko kuulizwa habari ya programu, heri aulizwe habari ya viti.

"Kimoja changu. Viwili vya wateja. Na hilo benchi."

Bwana Kifungu akalipima benchi kwa uzito mkubwa, huku na huku. "Wanakaa wangapi hapa?"

"Watatu."

"Wanene au wembamba?"

"Inategemea kesi."

"Tuandike wanne. Sasa kijitabu hiki, tia sahihi hapa, mwisho kabisa."

"Na huku katikati pana nini?"

"Maneno."

Wakili akatia sahihi, akalipa, akabandikiwa kibandiko chini ya kila kiti, akashukuru. Ndiyo, alishukuru! Binadamu ukimtisha kwa kubwa ukamtoza dogo, anakuona umemwokoa.

Mpaka jua linatua, karibu mtaa wote ulikuwa umekaguliwa. Mwalimu wa udereva aliuliza, kwa sauti ya kuomba, kama viti vya gari navyo vimo.

"Kompyuta iko garini?"

"Hapana, mkuu."

"Basi vya gari tumevisamehe. Kwa wiki hii."

Na hapo ndipo ulimi wake ulipompeleka mbali, maana ulimi uliozoea kushinda haujui kurudi nyumbani. "Ijumaa nitapita tena," akawatangazia. "Kitakachokutwa kimesimama sakafuni kitalipiwa upya."

*

Jumanne mtaa haukuwa na kiti.

Seremala wa pale kona ndiye aliyewapa akili. "Majirani, mnahangaika na nini? Vileteni karakanani kwangu. Pale pana viti mia, vibovu na vizima. Nani atajua vipi ni vyenu?" Kila mmoja akabeba vyake, akatia sahihi kwenye karatasi ndogo ya seremala ya kupokelea mali, akarudi mikono mitupu na moyo mwepesi.

Kuanzia hapo mtaa ulifanya kazi wima. Wakala wa bima aliandika ubavu ukutani. Mpiga picha aliipiga picha familia nzima imesimama, bibi wa miaka themanini katikati, ameshikiliwa makwapani na wajukuu. Wakili alisikiliza ugomvi wa mirathi kwa saa tatu akibadilisha mguu kama korongo, na wateja waliotaka kuzozana zaidi walichoka wakapatana. Kwa hilo peke yake, Bwana Kifungu anaweza kuhesabiwa thawabu.

Ijumaa adhuhuri alirudi, sanduku dogo mkononi, mavuno ya mtaa huo na mitaa mingine mitatu yamelala ndani yake. Basi lake la kuondoka mjini lilikuwa la saa kumi. Aliingia ofisi ya kwanza: watu wamesimama. Ya pili: wamesimama. Hasira ikampanda, na chini ya hasira, heshima kidogo. Watu hawa nao si haba!

Angekwenda zake. Sanduku lilikuwa limejaa, basi lilikuwa linamngoja. Lakini macho yake yakaona, ng'ambo ya barabara, mlango uliokuwa wazi, na ndani yake viti viwili vya mbao, vimepanguswa, vimetulia, havina wasiwasi wowote.

"Huyu sikumpitia," akajisemea. Mwenye pupa husikia njaa kwa kuona sahani.

Kilikuwa chumba cha Mama Nukta. Mjane huyo alikuwa amechapa barua, mikataba na wosia za watu kwa miaka ishirini na sita, kwanza kwa mashine ya kugonga, kisha kwa kompyuta. Jina lilimpata kwa kuwa hakuwahi kuiruka nukta. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi, na kila asubuhi kabla ya kuwasha mtambo aliweka mkono juu yake akamwomba Mungu aubariki na umeme usikatike. Mtambo huo ndio uliokuwa mume wake wa pili. Ndio uliomlisha.

"Hodi hapa. Ukaguzi wa leseni."

"Karibu, mwanangu. Ingia ndani. Ingia kabisa, usisimame mlangoni. Kaa."

Bwana Kifungu akaingia kabisa, akakaa. "Viti viwili, mama."

"Kimoja changu, kimoja cha mgeni."

"Na usipolipia, kifungu cha tisa, mtambo huu naondoka nao." Akaupapasa mgongoni kama ng'ombe wa mnadani.

Mama Nukta akautazama ule mkono mpaka ukaondoka. "Sawa. Nipe karatasi."

Akamwekea kile kijitabu mbele. "Tia sahihi hapa chini."

"Nisome kwanza."

"Mama yangu, mkataba huu hausomwi. Unakubaliwa."

"Marehemu mume wangu nilimsoma mwaka mzima ndipo nikamkubali. Sembuse karatasi."

Akavaa miwani. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya jalada, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele. Bwana Kifungu akatazama saa. Nje, dirishani, majirani walikuwa wameanza kusogea: wakili, mwalimu wa udereva, mpiga picha, seremala na penseli yake sikioni. Walikuwa wamesimama hata hivyo. Kusimama hapa au pale ni kule kule.

"Hapa pameandikwa," akasema Mama Nukta, "*Kwa kukifungua kitabu hiki, umekubali masharti yote yaliyomo.* Masharti yako wapi?"

"Ndani ya kitabu."

"Nitayasomaje kabla sijafungua?"

"Huwezi."

"Na nikifungua?"

"Umeshakubali."

"Mwanangu, hiyo ni haki?"

"Ni kifungu, mama!" Bwana Kifungu akaona amemshika, akainua sauti dirisha lote lisikie. "Aliyefungua amefungua, aliyeingia ameingia. Kusoma au kutosoma ni shauri lake."

"Aliyeingia amekubali?"

"Amekubali!"

"Hata kama masharti hakuyaona?"

"Hata kama yamewekwa nyuma ya mgongo wake! Nitalisema hilo mbele ya hakimu."

"Hakimu yuko mbali. Jirani, umesikia?"

"Nimesikia," akasema wakili dirishani.

Mama Nukta akainuka polepole, akaenda akaufunga mlango. Nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu anayeingia hawezi kupaona, palikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi pembe zote nne.

"Isogelee," akasema. "Herufi ni ndogo, nilibana karatasi. Habari zako zilifika hapa tangu Jumatatu."

Bwana Kifungu akasogea, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo shingo ilivyozidi kuingia ndani ya koti:

*Kwa kuingia chumba hiki umekubali. Moja: karatasi yoyote uliyoileta utaisoma yote, kwa sauti, wewe mwenyewe. Mbili: hutoki mpaka imekwisha. Tatu: ulichokipata kwa karatasi isiyosomwa kitarudi kwa mwenyewe.*

Akacheka kicheko kikavu. "Mama ana mzaha. Mimi nina basi la saa kumi."

Akaushika mlango. Ukafunguka, na wakili alikuwa ameujaza wote, kutoka kizingiti hadi kizingiti.

"Kifungu ni kifungu," akasema wakili. "Umesema mwenyewe."

Basi akakaa akasoma. Alisoma udhamini, akasoma kikomo cha dhima, akasoma maneno ambayo hata walioyaandika huenda hawakuyarudia. Jasho lilimtoka. Kila aliporuka mstari, kidole cha Mama Nukta kilimrudisha. "Nukta, mwanangu. Hapo pana nukta, pumua." Mwalimu wa udereva alikuwa akisikiliza kama mtu aliye kwenye mahubiri. Ukurasa wa kumi. Wa kumi na nne. Wa kumi na saba.

"*Maana ya maneno,*" akasoma Bwana Kifungu, sauti imekwisha. "*Katika mkataba huu, neno kiti maana yake ni mtu mmoja aliyeruhusiwa kutumia programu. Kiti...*"

Akataka kukifunga kitabu.

"Endelea."

"Mama, macho yameniuma."

"Endelea, Mungu anakuona."

"*Kiti si fanicha.*"

Mpiga picha akaanza kucheka, mwalimu wa udereva akadakia, na kicheko kikaenda dirishani mpaka barabarani. Hata Bwana Kifungu mwenyewe, ukimtazama vizuri, alikuwa ameshangaa kwa dhati. Wiki nzima aliwatapeli watu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe aliliamini! Hilo lilimuuma kuliko kukamatwa.

Wakili peke yake hakucheka. "Siku nne!" akanguruma. "Siku nne nimesimama! Haya magoti nani atayalipa?"

"Na sahihi hii ya nani?" akauliza Mama Nukta, kidole juu ya mkataba.

"Yangu. Nilikuwa na haraka."

"Wewe ni wakili, baba."

Wakili akaona ni heri alitazame sanduku. Likafunguliwa, na kila mmoja akachukua chake. Cha mitaa mingine mitatu Mama Nukta akakifunga kwenye bahasha, moja moja, akaandika anwani juu. Bwana Kifungu alitazama bahasha zile kama mtu anayesindikiza jeneza. Kisha, kwa kuwa nyoka aliyekanyagwa hugeuka, akaona silaha moja imebaki.

"Na yeye je?" akasema, akimnyooshea kidole. "Nimewadanganya viti, sawa. Lakini programu zenu ni za wizi, na hilo si uongo! Muulizeni mama huyu mcha Mungu, mtambo wake umewekwa nini?"

Vicheko vikakatika. Majirani wakatazamana, kisha wakamtazama Mama Nukta, kwa matumaini kidogo, maana kosa likiwa la wote linakuwa jepesi.

Mama Nukta akavua miwani. "Nilikuwa nayo ile ya diski, kama nyinyi. Siku moja mtu akaniletea mahubiri nimchapie, yanasema usiibe. Nikafika kwenye neno lenyewe, kidole kikakataa kushuka. Nachapa usiibe kwa kitu cha wizi? Nikamwambia mkwe wangu aing'oe, aniwekee ile ambayo walioitengeneza wameiachia watu kwa hiari yao. Masharti yake nimeyasoma yote, yako pale kwenye fremu. Yanasema tumia, na ukipenda mpe jirani." Akawatazama mmoja mmoja. "Miaka miwili nawapa. Mkasema cha bure hakina nguvu."

Mpiga picha aligundua kamba ya kiatu imelegea.

"Huyu ni mwongo, tumemaliza habari yake. Lakini aliwaburuta kwa kamba gani? Kamba mlisokota wenyewe. Angekuja mkaguzi wa kweli, mngezificha wapi hizo programu? Kwa seremala?"

"Jumatatu," akasema wakili, sauti imeshuka chini ya tumbo. "Jumatatu nitaileta kompyuta, mama."

"Ilete. Na wewe, mwanangu," akamgeukia Bwana Kifungu, "bado kurasa ishirini na nne."

*

Alipotoka, basi la saa kumi lilikuwa limekwisha kuondoka. Lilibaki la saa kumi na moja na nusu. Sanduku lilikuwa jepesi kama ganda tupu, na sauti ya kushiba haikuwapo tena. Hajafika mwisho wa mtaa akasikia kelele nyuma yake. Majirani walikuwa wamekwenda kuvichukua viti vyao, wakaikuta karakana tupu, imefagiliwa, karatasi ya kupokelea mali imebandikwa mlangoni na sahihi zao zote chini.

"*Kisichochukuliwa kwa siku tatu ni mali ya karakana,*" alikuwa anasoma wakili kwa kilio. "Nani kaandika mambo haya?"

"Seremala kaandika, mimi nilichapa," ikaja sauti ya Mama Nukta, tulivu. "Nikapita kwa kila mmoja wenu, nikawaambia someni. Mkanijibu, mama, huyo ni jirani."

Bwana Kifungu akaharakisha mwendo. Mtaa huu ulikuwa na walimu wengi mno kwa mwanafunzi mmoja.

Kituoni alimkuta seremala, mkokoteni umesimama, viti vimepigwa vanishi vinang'aa, vimepangwa kivulini kama wageni wa harusi.

"Ee kaka, umechoka," akasema seremala kwa upole. "Kumsomea yule mama si kazi ndogo. Kaa upumzike, basi bado."

Upole ni kitu kizuri baada ya siku ndefu. Bwana Kifungu akakaa. Kiti kilikuwa imara, kikampokea mgongo vizuri. Akapitisha mkono chini yake, akakuta kibandiko cha duara alichokijua: KIMEKAGULIWA. Akatabasamu kwa huzuni. Kisha vidole vikagusa karatasi nyingine, ndogo, bado mbichi kwa gundi.

Tabasamu likamganda. Akainama, kichwa katikati ya magoti, akasoma maandishi ya penseli ya seremala: *Aliyekalia amekubali kununua.*

"Neno hilo nimelisikia leo dirishani," akasema seremala. "Nikaona ni zuri, lisipotee. Aliyeingia ameingia, au sivyo, mheshimiwa?"

Nauli ilikuwa kwenye soksi. Seremala alimsubiri avue kiatu, hakumharakisha.

Basi la saa kumi na moja na nusu lilimpita akiwa barabarani, anatembea, kiti kichwani, miguu yake minne ikielekea mbinguni. Kila alipochoka alikiteremsha kando ya barabara, akakigeuza kwanza akakikagua chini, upande hadi upande, ndipo akakaa. Na alikaa kwa raha, mgongo umenyooka, bila kugeuka nyuma kuona nani anamfuata. Katika miaka yote aliyoishi kwa vifungu, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokilipia.